Risasi Moja Inatosha

Wapo wanaodai kwamba drilling, bunduki ya uwindaji ya Kijerumani yenye mitutu mitatu, imepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Kwa kawaida ina mitutu miwili ya marisau na mmoja wa risasi, na ilibuniwa kwa sababu ya msingi. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani inakataza kumpiga paa au nguruwe mwitu kwa marisau, lakini kwa sungura marisau yanafaa. Mwindaji hajui atakutana na yupi msituni, hivyo hubeba vyote katika silaha moja.

Wapinzani hulalamika kwamba ina risasi moja tu: je, mnyama akijeruhiwa? Swali ni zuri, ila jibu lao ni baya. Mwenye risasi tano hujaribu bahati, na anayelipia ni mnyama. Mwenye risasi moja hungoja, hupima umbali, na asipokuwa na hakika hafyatui. Haraka haraka haina baraka. Asiyeweza kuwinda kwa risasi moja aende kwanza uwanja wa shabaha akajifunze kulenga.