Hema Si Tatizo, Tatizo Ni Ruhusa

Tangu juzi kuna picha zinazunguka kwenye simu zetu: familia moja ya wazungu, baba, mama na watoto wawili, wamepiga hema kando ya bahari huko Ugiriki. Jiko dogo la gesi, nguo kwenye kamba, watoto miguu peku wanachota maji. Wengi tumecheka. Mmoja akaandika eti hawa wanatoa pesa ili waishi kama sisi. Mwingine akasema bahari yenyewe imetulia hivi, si twende tu. Leo nataka kuwajibu wote wawili.

Nianze na yule wa kucheka. Ugiriki huwezi kupiga hema popote unapotaka. Sheria inakataza, na ukikamatwa unapigwa faini. Ndiyo maana familia nyingi zinaenda kwenye viwanja vya kulipia vyenye maji, choo, bafu na umeme. Kusini-magharibi, upande wa Messinia katika Peloponnese, kuna sehemu mashamba ya mizeituni yanashuka karibu mpaka ufukweni, na vijiji ni vidogo. Kwenye ghuba ya Kyparissia, kasa wanapanda mchangani wakati wa kiangazi kutaga mayai. Mtu wa mjini analipia kimya hicho, alale chini na kupika pamoja na watoto wake. Hakuna cha kucheka hapo. Hata bibi zetu walilala shambani kulinda mahindi, wakawasha moto, wakasimulia hadithi. Kulala nje si umaskini.

Tofauti yetu na yule baba haiko kwenye hema. Yeye anajua siku atakayoling'oa. Mvua ikizidi anakunja, anapakia gari, anarudi kwake. Wazazi wetu hapa Dzaleka walikuja wakidhani ni miezi michache. Kambi ilifunguliwa 1994, ikapangiwa watu 10,000 hivi, na leo tumepita 50,000. Kuna vijana waliozaliwa humu ambao sasa wana watoto wao humu humu. Kwa hiyo mtu akisema wazungu wanaishi kama sisi, mimi nasema hapana. Wao wanatembelea hema. Sisi tunahesabiwa ndani yake.

Sasa wewe wa kusema twende. Pwani hiyo hiyo ya Messinia ina mji mdogo unaitwa Pylos. Tarehe 14 Juni 2023, meli ya uvuvi iitwayo Adriana, iliyotoka Libya ikielekea Italia, ilizama kwenye bahari ya mbali na mji huo. Inakadiriwa ilibeba watu mpaka 750. Waliookolewa ni 104, na hakuna mwanamke hata mmoja kati yao. Wakapelekwa Kalamata, mji ambao dunia inaujua kwa zeituni zake. Yaani maji yale yale unayoyaona kwenye picha. Yametulia kwa mwenye pasipoti.

Na hata wanaofika salama hawafikii kwenye viwanja vya mizeituni. Kisiwani Lesbos kulikuwa na kambi ya Moria, iliyojengwa kwa watu karibu 3,000. Ilipoungua Septemba 2020 ilikuwa na zaidi ya 12,000, na ndugu zetu Wakongo walikuwemo. Nchi moja, kambi mbili: moja unalipia ili uingie, nyingine unangoja miaka ili utoke.

Basi tudai nini? Mimi sidai bahari ya Ugiriki. Nadai ruhusa ya kutoka na kurudi. Malawi ilijiunga na mkataba wa wakimbizi wa 1951 lakini ikaweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, kimoja ni cha 26, kinachohusu uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 ndugu zetu waliokuwa mjini na biashara zao wakaamriwa kurudi kambini. Siitukani nchi hii. Imetupokea wakati yenyewe haina kingi, na tunashukuru. Lakini mgeni anayeshukuru bado anaweza kuomba mlango ufunguliwe kidogo.

Na tuanze na kitu kidogo. Nchi hii ina ziwa kubwa linalofanana na bahari. Watalii wanatoka mbali kuja kupiga hema pale. Watoto wetu wengi wanalijua kwa ramani tu. Napendekeza sisi wa kujitolea, pamoja na wazazi na viongozi wa jumuiya, tuandike barua moja ya kuomba ruhusa ya siku mbili ziwani wakati wa likizo: watoto na wazazi wao, mahema ya kuazima, samaki wa kuchoma.

Najua kuna atakayesema posho imepungua, watu wana njaa, na huyu anazungumzia matembezi. Ni kweli, njaa ipo. Lakini mtoto ambaye kila siku anamuona baba yake kwenye foleni anahitaji pia kumuona akiwasha moto, akipanga safari, akisema kesho saa mbili tunaondoka. Hicho nacho ni chakula.

Anayekubali aandike jina lake hapa chini, barua tuiandike pamoja Jumamosi. Anayekataa naye aandike sababu yake, tujibizane kwa heshima.