Marburg Kagera: Damu ya mgonjwa ikishatolewa, inakuwa ya nani?

Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa taarifa ya watu wanaoshukiwa kuugua Marburg wilayani Biharamulo na Muleba, mkoani Kagera. Muda mfupi baadaye Wizara ya Afya ikasema sampuli zote zilizopimwa hazina virusi. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuwa sampuli moja imethibitika kuwa na virusi hivyo.

Siku sita za vuta nikuvute. Kwa jirani zao wa Ngara, wanaovuka Rusumo kwenda Rwanda ambako Marburg ilikuwa imetangazwa kuisha Desemba 20 tu, hazikuwa siku chache.

Sampuli zilipimwa kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile, kisha Dar es Salaam. Kwa ugonjwa unaoua hivi (ulipotangazwa kuisha Machi 13, waliofariki walikuwa 10, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kupimwa), hakuna anayetaka serikali ingoje mjadala kabla ya kupima. Swali linakuja baada ya kipimo: kichupa kinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine atakitumia?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inampa mhusika haki ya kuzifikia taarifa zake. Majibu, basi, anaweza kuyadai. Lakini sheria hiyo inalinda taarifa. Damu yenyewe ni habari nyingine.

Kudai umiliki kunaweza kugonga mwamba. Marekani, John Moore alishtaki baada ya seli zake kutumika kutengeneza bidhaa bila yeye kuambiwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya California ilikataa kuwa seli zile bado ni mali yake, ila ikasema daktari alipaswa kumweleza na kupata ridhaa yake. Ushindi nusu, lakini ndiyo nusu yenye maana zaidi kwa mgonjwa wa Biharamulo.

Mei 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha Mkataba wa Majanga ya Milipuko, zikiacha suala la kugawana vimelea na faida zake lijadiliwe kwenye kiambatisho. Wanaovutana hapo ni serikali na kampuni za dawa. Aliyechomwa sindano hana kiti.

Kwa sasa anachoweza kufanya ni kuuliza kabla ya kusaini fomu: ni kwa ajili ya kipimo tu, au na utafiti pia?