Mkataba wa Samoa: Nani Ameshika Pishi?

Tarehe 15 Novemba 2023, mjini Apia katika visiwa vya Samoa, Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki zilitia saini mkataba mpya wa ushirikiano. Mkataba huo wa miaka 20 ulianza kutekelezwa kwa muda tarehe 1 Januari 2024, na umekwishasifiwa sana kuwa ni ukurasa mpya baina ya mataifa tajiri na mataifa yanayoendelea. Sisi hatuna ugomvi na sifa. Tunataka tu wananchi wa Unguja na Pemba, na hasa ndugu zetu waliokabidhiwa dhamana ya kukaa katika meza za Serikali, waulize lile ambalo mchumaji wa karafuu huliuliza kabla hajapanda mtini: pishi ameishika nani? Mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi iliyorundikwa si sawa na pishi iliyokatwa usawa.

Uhusiano huu si mgeni kwetu. Kabla ya Samoa kulikuwa na Cotonou wa mwaka 2000, na kabla ya Cotonou kulikuwa na mikataba minne ya Lomé, wa kwanza ukitiwa saini tarehe 28 Februari 1975 baina ya nchi 46 na nchi tisa za Ulaya. Hata kabla ya hapo nchi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa na Mkataba wa Arusha wa 1969. Lomé ilizaliwa wakati ambapo nchi changa zilikuwa na sauti. Wenye mafuta walikuwa wamekwishaonyesha mwaka 1973 kuwa mwenye mali ghafi naye anaweza kutaja bei, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha mwaka 1974 azimio la kudai mfumo mpya wa uchumi duniani. Kwa hiyo yaliyopatikana hayakuwa maneno matupu. Bidhaa zetu nyingi ziliingia Ulaya bila ushuru, na sisi hatukulazimishwa kuondoa ushuru kwa bidhaa zao. Ulikuwapo Mfuko wa Maendeleo uliotengwa kwa ajili yetu, nje ya bajeti ya kawaida ya Ulaya. Na ulikuwapo mpango wa fidia ulioitwa Stabex: nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwamo, ilistahili kulipwa pato la zao lake lilipopungua kwa asilimia 2.5 au zaidi chini ya wastani wa miaka minne iliyotangulia.

Karafuu nayo iliingizwa katika orodha ya mazao hayo. Lakini hapa ndipo tulipojifunza habari ya pishi. Kwa kawaida fidia ilihesabiwa kwa mauzo yaliyokwenda Ulaya tu, na karafuu zetu nyingi zilikuwa zikienda Indonesia na nchi nyingine za Asia. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake hata ikajitosheleza, bei iliporomoka na mashamba ya Pemba yakaota magugu. Kinga ilikuwapo kwenye karatasi. Mvua ilinyesha upande mwingine.

Hata hivyo, ahadi yenye tarakimu ni bora kuliko ahadi isiyo na tarakimu, kwa kuwa ya kwanza mtu anaweza kuidai. Cotonou ilifuta Stabex. Itifaki ya Sukari, ambayo majirani zetu wa Mauritius waliitegemea tangu 1975, ilimalizika mwaka 2009 baada ya Ulaya yenyewe kujitoa. Sasa Samoa nayo haina kitita chochote kilichotajwa. Ule Mfuko wa Maendeleo uliingizwa tangu 2021 ndani ya bajeti ya Ulaya, katika chombo kimoja cha Euro bilioni 79.5 kwa miaka saba kinachohudumia karibu dunia nzima, nacho hugawiwa kwa utaratibu wa Ulaya. Mkataba una sura juu ya haki za binadamu, amani, mazingira na uhamaji, na mengi humo ni mema. Lakini kipimo cha fedha kimehamia mkono mmoja.

Biashara yenyewe imeachiwa mikataba mingine, ile ya ubia wa kiuchumi inayotaka tufungue soko letu kwa kubadilishana na soko lao. Bunge letu liliukataa ule wa Afrika Mashariki mwezi Novemba 1916+100, yaani 2016, na Rais mstaafu Mkapa aliupinga hadharani. Tuliunga mkono uamuzi ule na tunauunga mkono leo, maana kiwanda kichanga hakiwezi kushindana na kiwanda cha miaka mia. Kenya imefuata njia yake, na mkataba wake na Ulaya umeanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Hatuwalaumu: Kenya haimo katika orodha ya nchi maskini zaidi, na maua yake yangetozwa ushuru.

Sisi tunaingia Ulaya bila ushuru kwa mpango wa mwaka 2001 uitwao Kila Kitu Isipokuwa Silaha. Huo si mkataba, ni hisani ya upande mmoja kwa nchi zilizomo katika orodha hiyo. Mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa iliona kuwa Tanzania imetimiza kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka katika orodha. Vikitimizwa katika mapitio mawili mfululizo, safari ya kutoka huanza, na baada ya kutoka hisani ile hubakia miaka mitatu tu. Kutoka katika umaskini ni heshima. Kutoka bila kujua soko litakuwaje ni uzembe, na kukataa mkataba mbaya hakujawahi kuwa badala ya mpango.

Tuchukue mfano wa samaki, kwa kuwa uchumi wa buluu ndio wimbo wa Visiwa hivi. Jodari akivuliwa nje ya maili 12, ndani ya bahari yetu ile ile ya maili 200, Ulaya haimhesabu kuwa ni wa Tanzania kwa sababu ya maji alimozaliwa. Huangalia meli: imesajiliwa wapi, inapeperusha bendera gani, na nusu ya umiliki wake iko kwa nani. Tukijenga kiwanda cha kusindika na tukamlisha jodari wa meli za nchi nyingine zilizokata leseni zetu, mkebe utaandikwa Zanzibar na ushuru utalipwa kama kawaida. Leseni hutupatia ada. Meli ndiyo inayotupatia uasili wa bidhaa.

Na mwani ni hivyo hivyo kwa njia nyingine. Akina mama wa Paje na Jambiani wamelima tangu 1989, tena sasa katika maji yenye joto linaloiua ile aina yenye bei nzuri. Mwani mkavu hauzuiwi na ushuru wowote wa maana. Kinachokosekana ni kinu cha kuusafisha hapa hapa kabla haujawa dawa ya meno ya mtu mwingine, na kinu hicho kinahitaji mtaji ambao zamani tungeuomba katika mfuko wenye jina letu.

Mambo ya nje ni ya Muungano, na wajumbe watakaokwenda katika vikao vya Samoa watakwenda kwa jina la Tanzania nzima. Ndiyo maana tunaomba Wizara zinazohusika Zanzibar ziwapelekee mapema hesabu zao: ni bidhaa gani za Visiwani zitatozwa ushuru siku hisani itakapokoma, kwa kiwango gani, na meli ngapi za bahari kuu zitakuwa zimesajiliwa kwa bendera yetu kufikia siku hiyo. Hesabu hiyo iwasilishwe pia mbele ya Baraza la Wawakilishi, kwa Kiswahili, ili mvuvi wa Nungwi na mkulima wa Wete nao waisikie.