Mguu Mmoja, Kazi Nyingi

Maikrokontrola ni kompyuta nzima ndani ya kidude kimoja. Ile iitwayo ATmega328P, iliyomo katika bodi ya Arduino Uno, huuzwa pia katika umbo lenye miguu 28 tu. Hivyo mguu mmoja hupewa kazi kadhaa. Mguu wa 2 waweza kupokea ishara, kutoa ishara, au kupokea habari kutoka kompyuta nyingine. Ufundi huu si mgeni: Intel 8051 ya mwaka 1980 ilikuwa nao.

Anayechagua kazi ni mwandishi wa programu. Katika rejista ya DDRD, biti ya 0 huufanya mguu upokee. 1 huufanya utoe.

Hapo ndipo penye hatari. Tuseme wanafunzi wa Mbwawa, Kibaha, wanatengeneza kengele ya tangi la maji. Tangi likijaa, swichi ya boya huunganisha mguu na upande hasi wa umeme. Wakiandika 1 mahali pa 0, nao mguu ukatoa volti 5, mkondo waweza kuvuka kikomo cha miliampea 40 na kuuunguza.

Wako wasemao kwamba kunakili programu iliyo tayari huokoa muda. Ni kweli, lakini anayenakili hajui kwa nini chombo chake kimeungua. Kwa maoni yetu, kabla ya kuunga waya wowote, kila mwanafunzi na achore jedwali: mguu upi, kazi gani, biti ipi. Kazi hiyo haihitaji umeme wala fedha. Yahitaji daftari na fikra.