Bunduki Haitaki Kanzu

Kuna mtindo umewaingia wenzetu wenye leseni za bunduki, nami sitaunyamazia. Mtu ana bunduki yake nzuri ya kuwindia, kitako chake ni cha mti wa mjozi, kimepakwa mafuta kikang'aa. Haridhiki. Humwendea fundi viatu amshonee ngozi ya kukivisha kitako chote hadi shingoni, ikazwe kwa gidamu upande wa chini, na pembeni iwe na vijumba vya kuchomeka risasi. Ukimwuliza ya nini, hujibu: ya kulinda mti.

Hulinda nini? Mti wa kitako una maadui wawili, maji na jasho, na ngozi huwakaribisha wote wawili. Mvua ikinyesha, mti mtupu unafutwa kwa kitambaa ukawa mkavu kabla chai haijachemka. Ngozi huyanywa maji yale, ikayashikilia usiku kucha juu ya mti na juu ya skrubu za chuma. Ukikaa Lindi au Dar es Salaam, penye hewa ya chumvi, huhitaji hata mvua. Tena dawa za kutengenezea ngozi, ziwe za magome ya miwati au za kromu, hazipatani na chuma. Ndiyo maana mafundi wa silaha hukukataza kuilaza bunduki ndani ya ala ya ngozi. Sasa kwa nini kitako kilazwe humo mwaka mzima? Na zile risasi za pembeni, baada ya miezi michache ganda lake la shaba huota kutu ya kijani, likanata. Ganda linalonata haliingii wala halitoki upesi, na mnyama hangoji.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba ngozi huficha.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa askari wa wanyamapori kusini, ng'ambo ya Rufiji. Tulikuwa na bunduki ya 375, ile ya risasi iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912 na ambayo hadi leo wawindaji wa nyati huiamini. Kitako chake kilivishwa ngozi na mkubwa mmoja aliyetutangulia, naye alisifiwa sana kwa utunzaji. Kila mwezi tulikagua silaha: mtutu, bolti, mkanda. Ngozi tuliipaka mafuta ikapendeza. Hakuna aliyeifungua, maana kuzikaza upya zile gidamu ilikuwa kazi ya nusu siku.

Asubuhi moja tuliitwa mashambani kwa nyati aliyejeruhiwa na mtego. Mwenzangu alifyatua, akampiga, lakini hakumwangusha. Alipovuta bolti apige tena, bunduki ilijikunja mikononi mwake kama mguu wa kuku uliovunjika. Shingo ya kitako ilikuwa imekatika. Nyati alimfikia kabla yangu. Jioni tulizikata gidamu, tukauona ufa. Haukuwa wa siku ile. Ulikuwa mweusi kwa mafuta na uchafu wa siku nyingi. Mwenzangu alipona, ila mguu wake wa kushoto haukunyooka tena. Katika taarifa iliandikwa "ajali". Neno lile sijalikubali mpaka leo.

Nisije nikaambiwa naichukia ngozi. Wawindaji wa zamani, kitako kilipopasuka porini, waliushonea ufa ngozi mbichi ikiwa bado imelowa. Ilipokauka ilijikaza ikaubana mti barabara. Hiyo ni bendeji. Kila aishikaye bunduki ile anajua hapa pana jeraha. Vilevile yuko mwenye darubini juu ya kitako kilichochongwa kwa kulengea shabaha ya chuma. Jicho lake hupanda, shavu likaelea hewani. Akiongeza ngozi yenye kitambaa kizito ndani ili shavu lipate pa kuegemea, ana sababu. Basi na kiwe kipande kifupi, cha kufungwa kwa bizimu, kivuliwe kila jioni, na shingo ya kitako ibaki wazi.

Wapo watakaosema miiba na bodi ya gari huikwaruza bunduki. Naam, huikwaruza. Mafuta ya kitani na kitambaa vipo, na bei yake haifiki nusu ya ile kanzu.

Kijana mmoja jirani yangu anayo bunduki iliyovishwa namna hiyo, kairithi kwa baba yake. Nilimwambia tuifungue tuitazame shingo. Akasema ni vyema, Jumamosi. Jumamosi mbili zimepita.