Bure, Huria na Anayejibu Simu Usiku

Ujumbe ulinifikia alfajiri. Kijana wa Kiwengwa, Unguja, ambaye usiku yuko mapokezi kwenye hoteli ya ufukweni na mchana anajifunza kuandika programu, alikuwa amemaliza kusasisha Ubuntu kwenye kompyuta yake ya mtumba. Kazi ilipokwisha, skrini ikamwambia kuwa yapo masasisho mengine ya usalama, ila hayo ni ya waliojiunga na Ubuntu Pro. Akaniandikia: "Assalamu alaikum mwalimu. Kumbe hii ya bure niliyonayo si kamili?"

Hayuko peke yake mwenye swali hilo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi tunazonunua zikiwa zimeshatumika haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu hazina kijenzi cha usalama ambacho toleo hilo linakidai. Mashine ni nzima, lakini mfumo wake umefika mwisho. Kwa kijana mwenye mashine kama hiyo, Linux ndiyo njia iliyo wazi. Akishaingia tu anakutana na milango miwili, mmoja wa bure na mwengine wa kulipia, na wazee wetu walishamtia hofu: rahisi huvunja upishi.

Nianze na jibu la swali lake. La, hiyo yake ni kamili. Canonical, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hutoa Ubuntu moja. Anayelipa na asiyelipa wanatumia kiini kile kile na vikusanyaji vile vile vya kugeuza msimbo kuwa programu. Kinachotofautiana ni matunzo. Toleo la muda mrefu hupata miaka 5 ya marekebisho ya usalama kwa vifurushi vya msingi, takriban 2,300. Vifurushi vyengine, zaidi ya 20,000, vimeachwa kwa jamii ya watu wa kujitolea. Pro huirefusha miaka hiyo hadi 10 na kuvitia vifurushi hivyo vyengine chini ya ulinzi wa kampuni. Bei yake iliyotangazwa ni dola 25 kwa mwaka kwa kompyuta ya kazi na dola 500 kwa seva. Lakini mtu binafsi, au mwenye biashara yake ndogo, hujisajili bila ya kulipa chochote kwa mashine zisizozidi 5. Kijana wangu ana moja.

Zorin OS, ya ndugu wawili wa Ireland, inauza kitu cha namna nyengine. Toleo lake la Pro, chini ya dola 50, linakupa sura zaidi za skrini, programu nyingi zilizokwisha kupangwa, na msaada wakati wa kuliweka. Takriban programu zote hizo unaweza kuzipakua mwenyewe bila ya malipo. Anayetaka kuwashukuru ndugu wale anunue, na pesa yake imefika pazuri. Mwandishi wa programu hatopata humo chombo hata kimoja ambacho toleo la bure lingemnyima, na kwa dola hizo ni bora anunue bando na kumbukumbu ya ziada ya kompyuta.

Mpaka hapa hesabu ni nyepesi. Uzito unaanza tunapouliza bure hii inatoka wapi, na ina dhamana gani.

Kiswahili kimetutendea wema ambao Kiingereza hakikuwatendea wenyewe. Richard Stallman, aliyeanzisha harakati za programu huria mwaka 1983, ametumia miongo kueleza kuwa neno lake moja, "free", halina maana ya kutolipa, lina maana ya uhuru. Sisi tuna maneno mawili yaliyoachana kabisa, bure na huria. Cha bure hukilipii. Cha huria unaruhusiwa kukifungua, kukisoma, kukibadilisha na kumgaia mwenzako. Kitu kinaweza kuwa bure bila ya kuwa huria, na kinaweza kuwa huria huku kinauzwa. Anayeyachanganya haya mawili hukosea hesabu zake zote.

Kisa cha CentOS ndicho kinachoonesha gharama ya kuyachanganya. Red Hat, ambayo IBM iliinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, inauza Linux ya maofisini kwa usajili wa mwaka. CentOS ilikuwa nakala yake ya bure, na seva zisizohesabika duniani, za vyuo, mabenki na watoa huduma za intaneti, zilisimama juu yake. Toleo la 8 liliahidiwa matunzo hadi 2029. Disemba 2020 ikatangazwa kuwa mwisho wake ni tarehe 31 Disemba 2021. Zaidi ya miaka saba ya ahadi ikafutwa kwa tangazo moja, na waliokuwa wamejenga juu yake wakabaki kuhamisha vyombo. Bure iliwaponyoka.

Huria haikuwaponyoka. Msimbo ulikuwa wazi, na kabla ya mwaka 2021 kufika nusu yake AlmaLinux na Rocky Linux zilikuwa zimeshasimama, hiyo ya pili ikiongozwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS yenyewe. Red Hat nayo ikawafungulia waandishi wa programu usajili usio na malipo kwa mashine hadi 16. Mwaka 2023 ikaubana mlango wa msimbo kwa wasio wateja wake, na ubishi juu ya jambo hilo haujesha. Mimi nimo upande wa wanaosema ilikosea. Hata hivyo nakiri kuwa anayelipa mishahara ya wahandisi maelfu ana haki ya kuuliza nani atazirejesha gharama.

Sasa tazama upande wa pili, wa wale wasiolipwa kabisa. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuwa kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia. Akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo imo karibu kila Linux, ya bure na ya kulipia. Kwa miaka xz ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja wa kujitolea, aliyekwisha kuchoka. Akaja mtu asiyejulikana, akamsaidia kwa upole zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akakabidhiwa funguo. Mlango ule uligunduliwa kabla haujafika kwenye matoleo ya kawaida ya Debian wala Red Hat. Usajili wa dola 500 usingemkinga mtu. Kilichotukinga ni kuwa msimbo ulikuwa wazi, na mtu mmoja mwenye mshahara na subira alipata nafasi ya kuusoma.

Na sisi tuna kisa chetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Neno "huria" lenyewe lilipata nguvu katika fani hii kwa jitihada za aina hiyo. Leo waliowahi kuiona ni wachache. Hakuna leseni iliyoizuia kuendelea. Tafsiri inataka mtu kila toleo jipya linapotoka, na mtu anataka kula.

Ndiyo maana nasema kwenye Linux hakuna anayekuuzia Linux. Unauziwa mtu wa kujibu. Mwanafunzi wa chuo Tunguu akikosea hupoteza kazi yake ya mwezi, na huumia peke yake, basi toleo la bure linamtosha na kumzidi. Hoteli iliyohifadhi nakala za pasi za wageni mia tatu haina ruhusa ya kukosea hivyo. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na mgeni aliyeibiwa taarifa zake hatouliza seva ilikuwa ya bei gani. Hoteli hiyo lazima ilipe.

Imlipe nani kwanza? Nadhani hapa ndipo tunapokosea visiwani. Mkataba na ng'ambo utakuletea marekebisho, lakini hautopanda daladala ya 117 kuja Kiwengwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilididimia Tanzania nzima, na siku kama hiyo hata marekebisho uliyoyalipia hayafiki. Anayefika ni kijana anayejua nakala za akiba ziko wapi na nenosiri la seva ni lipi. Mashine moja tu ya ofisini yaweza kuhifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa ili kompyuta nyengine zisivifuate tena ng'ambo. Kuiandaa ni kazi ya siku moja kwa anayejua. Tunalipa fundi wa jenereta kila mwezi kwa sababu hatujausahau umeme uliokatika Unguja kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Fundi wa seva tunamwita siku ya msiba, tena tunamshukuru kwa soda.

Nilimjibu kijana kwa urefu huu huu. Jioni akaniandikia kuwa ameshajisajili na masasisho yameingia. Halafu akauliza: seva ya hoteli huwa anaitazama yeye tangu mwaka jana, kwa kuombwa tu, akiwaambia wamlipe, aseme kwa mwezi au kwa mwaka?

Kwa mwezi, nikamwambia, na iandikwe.