Kuni mbichi za masika na kifua cha mama lishe

Ukipita Magogoni upande wa Soko la Samaki Feri siku ya mvua za masika, moshi unakupokea kabla ya harufu ya samaki. Mkaangaji anapuliza moto, anakohoa, anafuta machozi kwa kanga. Ukimuuliza, atakwambia kuni zimelowa.

Wengi tunaona ni kero ya msimu. Mimi naona ni suala la kliniki.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, joto linaanza kwa kukausha maji hayo, ndiyo maana unaona povu likichemka kwenye ncha ya ukuni huku sufuria imetulia. Kile ambacho moto hafifu umeshindwa kuunguza hutoka kama moshi, wenye chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, hatari ya nimonia inakaribia kuongezeka maradufu. Na mtoto wa mama lishe yuko wapi? Mgongoni, juu ya jiko lile lile.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono, mwenye uwezo wa gesi aanze leo. Lakini mama wa Kariakoo anayenunua kuni za leo kwa mauzo ya jana, ukimwambia "nunua gesi" ukaondoka, hujamshauri kitu.

Kwa hiyo, dada yangu, kuni za masika nunua wakati wa jua la kaskazi. Zipasue kwanza, maana gogo zima hukauka polepole mno. Zipange kwa kupishana juu ya matofali, zisiguse ardhi, ufunike juu tu na pembeni paachwe wazi upepo upite. Ukizifunga turubai pande zote zitaota ukungu. Uwani hapatoshi? Changeni watatu mpate kibanda kimoja. Kuni kavu ni nyepesi, ina nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha mbili zinalia kwa mlio mkali.

Usiwashe kwa mifuko ya plastiki. Mabaki ya mbao za maghorofa yenye rangi au dawa yaache, hata ukipewa bure. Nyingine zina arseniki.

Kuni kavu nayo ina moshi, kwa hiyo pikia penye upepo, mtoto akae mbali. Jiko la mkaa usiingize chumbani unakolala, hata kama halitoi moshi: hewa yake yenye sumu haina harufu.

Na kama umekohoa wiki mbili, usisingizie kuni. Nenda kituo cha afya wakupime kifua kikuu.